Juu ya Picha ya Pili Kuishinda ya Kwanza

Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii yafaa kuandikwa mlangoni mwa kila nyumba ya sinema siku inapoonyeshwa picha ya pili ya hadithi iliyokwisha kupendwa. Watu walilionja tembo la kwanza wakalisifu. Mgema akasikia sifa zake, akapanda tena mnazi kwa haraka, na safari hii kibuyu kikajaa upesi kuliko mnazi ulivyoweza kutoa. Aghalabu ndivyo ilivyo. Picha nyingi zinazofuata nyingine hutengenezwa si kwa sababu hadithi ilibakiwa na neno, bali kwa sababu mfuko ulibakiwa na nafasi. Kwa ajili hiyo wasomi wengi wamejizoeza kuzihukumu picha hizo kabla ya kuzitazama. Husema kuwa asili ni asili na mwigo ni mwigo, na hapo mazungumzo huisha.

Makala haya hayakusudii kuikanusha methali. Methali ni ya kweli. Lakini yasema habari za mgema aliyeharibiwa na sifa. Haisemi kuwa mnazi hauwezi kutoa tembo bora siku ya pili. Ziko picha za pili zilizozishinda za kwanza, wala ushindi wao haukuja kwa bahati. Una sababu zinazoweza kuelezwa, na sababu hizo zatufunulia jambo juu ya ufundi wa hadithi kwa jumla, iwe ya picha au ya kitabu. Mashahidi wangu wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni Aparajito ya Satyajit Ray, iliyotoka India mwaka 1956 ikiifuata Pather Panchali ya mwaka 1955. Wa pili ni The Godfather Part II ya Francis Ford Coppola, iliyotoka Marekani mwaka 1974, miaka miwili baada ya The Godfather. Shahidi wa tatu, mfupi wa maneno, ni Bride of Frankenstein ya James Whale, ya mwaka 1935.

Sina budi kukiri kuwa kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikaa upande wa washitaki. Basi ni haki niyaeleze mashitaka yao kwa nguvu zake zote, maana anayejibu hoja dhaifu ya mpinzani wake hajajibu kitu.

Wao husema hivi. Kwanza, picha ya asili ndiyo iliyofanya kazi ya kuumba. Iliwazaa watu wasiokuwapo, ikawapa nyuso, sauti na mwendo; ikajenga nyumba, ikaweka desturi za nyumba. Picha ya pili huikuta nyumba imekwisha kusimama, nayo huingia na kuwasha taa. Hatuwezi kumsifu mpangaji kuliko mjenzi. Pili, kazi inayotegemea kazi nyingine si kamili. Mtu ambaye hakuitazama ya kwanza ataifahamu ya pili nusunusu. Sanaa iliyo bora husimama kwa miguu yake; iweje kinachoegemea kiwe kikubwa kuliko kinachoegemewa?

Tuanze na hoja ya kuumba. Ni kweli kuwa kuumba watu ni kazi tukufu, lakini ni kazi yenye gharama, na gharama yake ni muda. The Godfather yaanza kwa arusi ya mwaka 1945. Katika arusi hiyo twaonyeshwa Don Vito Corleone akisikiliza haja za watu chumbani mwake, wanawe Sonny, Fredo na Michael, binti yake Connie anayeolewa, na Tom Hagen, mtoto wa kulea aliyekuwa mshauri. Ufundi wa arusi hiyo hauna mfano. Hata hivyo ni mzigo ambao mtengenezaji alilazimika kuubeba kabla hajaanza safari. Picha ya pili haina mzigo huo. Mtazamaji huingia akiwa amekwisha kuwajua wenyeji, na neno moja la mmoja wao huwa zito kwa sababu ya yote aliyowahi kutenda.

Mchukue Fredo. Katika picha ya kwanza ni mtoto dhaifu wa nyumba yenye nguvu. Baba yake apigwapo risasi barabarani, yeye huiangusha bastola, kisha hukaa kando ya mzee aliyelala chini na kulia. Wakati ule tulimwona kuwa mtu wa pembeni, na picha iliendelea na safari yake. Katika picha ya pili udhaifu ule ule ndio mlango ambao adui aliupitia. Fredo amesaidia watu waliotaka kumwua Michael, na afichuliwapo hutoa uchungu wake wote: kwamba yeye ndiye mkubwa, na kwamba alirukwa. John Cazale aliutamka uchungu huo akiwa amezama katika kiti, mikono ikitapatapa. Tukio hilo lisingeweza kuandikwa katika picha ya kwanza hata na mwandishi hodari kupita wote, kwa sababu lilihitaji kitu ambacho kalamu haiwezi kukitoa, yaani kumbukumbu ya mtazamaji mwenyewe. Hapa ndipo jibu la hoja ya kwanza. Picha ya pili nayo huumba, ila udongo wake ni mwingine. Ya kwanza huumba watu kutoka katika hewa. Ya pili huumba maana kutoka katika mambo tunayoyakumbuka.

Aparajito yalithibitisha jambo hili kwa kitu kimoja tu, nacho ni gari moshi. Katika Pather Panchali mtoto Apu na dada yake Durga hukimbia kati ya manyasi marefu yenye maua meupe ili kulitazama gari moshi likipita mbali na kijiji chao. Ni mojawapo ya matukio yanayokumbukwa zaidi katika sinema ya ulimwengu. Gari moshi ni ajabu, ni ulimwengu mkubwa unaopunga mkono. Durga hufa baadaye kwa homa baada ya kunyeshewa mvua, na jamaa huhama kijiji. Katika picha ya pili baba naye hufia Benares, na mama, Sarbajaya, hubaki na mwana mmoja. Apu ana akili. Apata msaada wa masomo, aenda Calcutta, na gari moshi ndilo linalomchukua. Sasa mama hukaa nje ya nyumba akiusikiliza mlio wake, kwa kuwa kila gari lipitalo huenda limemleta mwanawe. Ni mgonjwa, lakini hamwandikii habari za ugonjwa asije akamharibia mitihani. Usiku mmoja adhani amesikia akiitwa; ainuka, afika mlangoni, na huko nje hakuna kitu isipokuwa vimulimuli gizani.

Gari moshi ni lile lile. Furaha ya mtoto wa picha ya kwanza imekuwa upweke wa mama katika ya pili, na mtazamaji hushikwa na uchungu wa namna ya pekee, kwa sababu yeye mwenyewe aliifurahia ile furaha. Ray hakutuambia kuwa elimu humtenga mtoto na mzazi wake. Alituacha tulikumbuke lile shamba la manyasi. Aidha hakumfanya Apu kuwa mtoto mbaya. Siku moja ya likizo kijana afika stesheni, alitazama gari likija, aliacha liondoke, kisha arudi nyumbani na kumwambia mama kuwa amelikosa. Uwongo huo mdogo wa mapenzi una uzito kuliko hotuba nzima. Msomaji aliyeondoka nyumbani kwao kwa ajili ya masomo, akaacha nyuma mzazi anayehesabu siku, hahitaji mtu wa kumfafanulia tukio hilo. Wengi wetu tunaofundisha na tunaofundishwa katika vyuo tumewahi kulikosa gari, au, kwa aibu zaidi, tumewahi kuliwahi.

Sababu ya pili ya ushindi ni hii: picha ya pili iliyo bora hutoka katika baki la kweli. Coppola aliitoa hadithi yake katika riwaya ya Mario Puzo iliyochapishwa mwaka 1969. Riwaya hiyo ina habari za ujana wa Vito Corleone ambazo hazikuingia katika picha ya kwanza, nazo zikawa nusu ya picha ya pili. Ray naye aliifuata kazi ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, ambaye habari za Apu kwake ziliendelea mbali kupita mahali picha ya kwanza ilipokoma. Shahidi wetu wa tatu asema vivyo hivyo. Katika kitabu cha Mary Shelley cha mwaka 1818 kiumbe cha Frankenstein huzungumza, hujadili, na humdai aliyemwumba mwenzi wa kuishi naye. Picha ya mwaka 1931 ilimnyima ulimi. Boris Karloff alinguruma tu na kunyosha mikono. Miaka 4 baadaye, katika picha ya pili, kiumbe hukaribishwa na mzee kipofu anayepiga fidla, hufundishwa maneno machache, na papo hapo watazamaji hukabiliwa na swali ambalo bubu hakuweza kuliuliza: mmenileta duniani, nani atakaa nami?

Kazi zote tatu, basi, zilikuwa na nafaka ghalani kabla sifa hazijapigwa. Mgema hakuongeza maji, maana tembo lilikuwapo. Sisemi kuwa kila mwendelezo sharti utokane na kitabu. Nasema kuwa swali la kwanza la mhakiki lisiwe “picha hii ni ya ngapi?” bali “ni jambo gani lililobaki bila kusemwa?” Kama jibu ni kuwa hakuna, basi hata mtengenezaji hodari atarudia yale yale kwa kelele kubwa zaidi: waliokufa watatu watakufa thelathini, na moto uliounguza nyumba utaunguza mji.

Walakini baki peke yake halitoshi. Sababu ya tatu ndiyo iliyo kubwa, nayo ni ujasiri wa kuihukumu picha ya kwanza. The Godfather ilipendwa mno, na sehemu ya mapenzi hayo ilikuwa na hatari. Ilitupa jamaa ya wahalifu yenye meza iliyojaa chakula, baba mwenye busara, na watoto wanaomheshimu. Mwisho wake Michael asimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake, huku watu wake wakiwaua maadui zake mahali mbalimbali. Kisha mlango wafungwa, na mkewe Kay abaki nje. Mlango ule ulikuwa onyo, lakini watazamaji wengi walitoka wakiwa bado wamo ndani ya chumba pamoja na Michael.

Picha ya pili yawatoa. Yasimulia hadithi mbili kwa zamu. Katika moja, mtoto wa miaka tisa, Vito Andolini, akimbia Sicily mwaka 1901 baada ya jamaa zake kuuawa. Afika Ellis Island, na karani amwandika kwa jina la mji wake, Corleone. Awekwa peke yake chumbani kwa sababu ya ndui, akae akiitazama sanamu ya Uhuru kupitia dirishani. Akua, aoa, apata watoto, amwua mnyang’anyi Fanucci siku ya sikukuu ya mtaa, na jamaa yake yazidi kukua. Katika hadithi ya pili, kuanzia mwaka 1958, Michael ana nyumba kando ya ziwa Tahoe, ana mali na walinzi, na jamaa yake yazidi kupungua. Kaka amemsaliti, mke aondoka, mama afariki. Baba aongeza, mwana apunguza, na picha hutupeleka huku na huko ili tuyapime mahesabu hayo wenyewe.

Wako wanaosema kuwa hadithi ya Vito ni sukari iliyotiwa ili kuupoza uchungu wa Michael. Kwamba Coppola alitaka tuone kuwa zamani uhalifu ulikuwa na adabu. Sikubaliani nao. Baada ya kumwua Fanucci, Vito ashuka barabarani penye ngoma na mishumaa, akaa ngazini pamoja na mkewe na watoto, ampakata mtoto mchanga na kumwambia kuwa baba yake ampenda sana. Mtoto huyo ni Michael. Mkono unaompakata ndio ulioshika bastola muda mfupi uliopita. Hapo picha haisemi kuwa baba alikuwa mwema na mwana akaharibika. Yasema kuwa kilichomharibu mwana kilikuwapo kando ya kitanda chake tangu utoto, kimevikwa nguo za mapenzi. Neno hilo halikuwamo katika picha ya kwanza, au kama lilikuwamo lilinong’onwa.

Angalia pia jinsi ya pili inavyozichukua alama za kwanza na kuzitoza deni. Katika picha ya kwanza Vito mzee amwambia Michael bustanini kuwa alitumaini mwanawe angekuwa seneta au gavana. Katika ya pili Michael afika mbele ya Baraza la Seneti, lakini afika kama mshitakiwa anayehojiwa na kamati. Katika ya kwanza mlango ulifungwa na mtumishi, Al Neri. Katika ya pili Kay aja kwa siri kuwaona watoto wake, Michael atokea, na mlango aufunga kwa mkono wake mwenyewe mbele ya uso wa mkewe. Neri yule yule ndiye atakayempeleka Fredo ziwani kuvua samaki, na Fredo atauawa akisali, Michael akitazama kutoka mbali. Kama mtu angetaka kujua tofauti ya kurudia na kuendeleza, na aiweke milango hii miwili bega kwa bega. Anayerudia hutuonyesha mlango kwa sababu tuliupenda. Anayeendeleza hutuonyesha mlango ili tujiulize kwa nini tuliupenda.

Mwisho wa picha hurudi Desemba 1941. Ni siku ya kuzaliwa kwa Vito. Watoto wote wamo mezani, na Michael atoa habari kuwa amejiandikisha katika jeshi. Baba afika, wote wakimbilia mlangoni kumlaki, nasi twasikia vigelegele vyao bila kuwaona. Michael hubaki mezani peke yake. Marlon Brando hakuonekana katika tukio hilo, na kutoonekana kwake kumefaa: baba amekuwa sauti ya furaha katika chumba kingine. Kisha twamwona Michael wa sasa, ameketi nje ya nyumba yake, hana mtu.

Nirudi kwenye shitaka la pili, la kutegemea. Ni kweli kuwa mambo niliyoyasifu yahitaji kumbukumbu ya picha ya kwanza. Lakini kutegemea si aibu ya sanaa. Mti hutegemea mzizi, na hakuna msafiri aliyewahi kutafuta kivuli mzizini. Tena utegemezi huo una njia mbili. Anayeitazama tena arusi ya mwaka 1945 baada ya kumwona Fredo ziwani, hawezi kuitazama kama zamani. Cervantes aliyajua haya mapema. Sehemu ya kwanza ya Don Quixote ilichapishwa mwaka 1605. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1615, shujaa hukutana na watu waliokwisha kusoma habari zake, nao humfanyia mzaha kwa kuwa wanamjua. Umaarufu wa kazi ya kwanza umekuwa msiba wa mtu katika ya pili, na hapo kitabu kikapata kina ambacho mwanzoni hakikuwa nacho.

Haki yataka niyataje na mapungufu. The Godfather ina umoja na mwendo ambao picha ya pili haina. Mambo ya Hyman Roth na ya Cuba, hadi usiku wa mwaka mpya Batista alipokimbia, yana mafundo ambayo mtazamaji huyafungua kwa shida. Aparajito nayo haina Durga, na pengo lake laonekana. Nisemapo kuwa ya pili imeshinda, sina maana kuwa imeshinda katika kila kiungo. Nina maana kuwa imeona mbali zaidi. Ya kwanza ilituonyesha watu. Ya pili ilituonyesha gharama ya kuwa watu hao, na sehemu yetu katika kuwapenda.

Tena namba peke yake haina baraka. Coppola alirudi mwaka 1990 na picha ya tatu, akiwa na Al Pacino yule yule. Ina dakika zake za nguvu, kama kilio cha Michael kisichotoa sauti ngazini mwa nyumba ya opera huko Palermo. Lakini kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa, na kuifungua upya bila ushahidi mpya huwachosha hata mahakimu wenye subira. Ray, kwa upande wake, aliendelea na Apur Sansar mwaka 1959 bila kuanguka, kwa sababu Apu alikuwa na deni ambalo hajalipa: yeye aliyemwacha mama sasa alipaswa kujifunza kuwa baba.

Picha ya mwaka 1974 ilikuwa mwendelezo wa kwanza kupata tuzo ya Academy ya picha bora, na Vito aliwapatia tuzo waigizaji wawili, Brando katika ya kwanza na Robert De Niro katika ya pili. Lakini heshima hizo zisitufanye tudhani kuwa njia ni nyepesi. Aparajito ilipata tuzo kubwa ya Venice mwaka 1957, na hata hivyo nyumbani Bengal haikupokewa kwa moyo ule ulioipokea ya kwanza. Watu walitaka warudishiwe shamba la manyasi. Wakaonyeshwa mama anayekufa peke yake na mwana aliyechelewa. Hapa lipo fundisho kwetu tunaohakiki. Mara nyingi anayeidhoofisha picha ya pili si mtengenezaji peke yake, bali sisi tuliopenda ya kwanza na tunaodai kupendezwa tena kwa namna ile ile. Mgema hutia maji kwa kuwa wanywaji wamemzunguka na vikombe mikononi. Aletapo tembo kali zaidi, tusilimwage kwa sababu halina ladha ya jana. Tulionje kwanza, kisha tuseme.